Maji Haya Yametoka Kisimani

Fausta mwanangu,

Umetoka hapa saa nne kwenda Dongobesh kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima. Begi lako liko kitandani, ulilifunga vizuri, na mimi nimelifungua. Nitakueleza kwa nini, ila si sasa hivi, maana nikianza na hilo utakasirika na hutasoma yaliyobaki.

Habari za sabuni, za kuangalia unga usiingie wadudu, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, bibi yako atakuwa amekwisha kukupa zote, na zile atakazosahau atakupa shangazi yako kesho pale Babati mnapobadilisha gari. Mimi sina ushauri wa namna hiyo. Kila nikijaribu kukushauri naona unavyonisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza katekista, nami nakata maneno katikati. Ninalo jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu ule mchana wa maharage.

Nimekaa kibaraza cha nyuma, kwenye kile kiti kilichovunjika mgongo. Kutoka hapa naliona bonde lote. Namwona na baba yako, yuko chini kwenye mfereji na koleo lake, anafukia. Alianza mara tu ulipopotelea barabarani. Jioni utamkuta amechoka, na atakwambia alikuwa anarekebisha kingo. Mwache aseme hivyo.

Wewe hukulijua bonde lile likiwa bonde. Unalolijua ni shamba la vitunguu saumu lenye nyufa za kuingiza mkono, na vumbi jeusi linaloingia mpaka kwenye chumvi. Mimi nilipoletwa hapa Maretadu kuolewa, nikitokea Gendabi kwetu ambako maji ni ya kufuata, nilisimama hapahapa nikaona matete yaliyosimama juu kuliko mtu, na ndege, na udongo ambao ukiukanyaga pembeni unatikisika kama maziwa yaliyoganda. Ulinuka yai viza. Nilimwambia baba yako, "Mnakaa na harufu hii?" Akasema utaizoea. Kweli niliizoea, na siku ilipotoweka sikugundua.

Babu yako, baba yake baba yako, alikuwa na sheria moja juu ya bonde lile: jembe lisiguse matete. Ng'ombe waliingia kiangazi. Wanawake walikata nyasi za kuezekea baada ya mavuno. Jembe, hapana. Nilimuuliza kwa nini, kwa heshima, nimepiga magoti kabisa.

"Pale ni mahali pa maji, mama," akasema.

Nikangoja aendelee. Akaenda zake kuangalia ng'ombe. Nami nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikiwa wa tatu shuleni, nikajiona naelewa mambo, nikasema moyoni mzee hana maelezo kwa hiyo hana hoja. Nimezeeka kidogo sasa, na ninachoweza kukwambia ni kwamba wapo watu wanaojua jambo bila kuwa na maneno yake. Wewe unakwenda kusomea maneno yake. Babu yako alikuwa na jambo lenyewe, na mimi sikuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Alipofariki tulikaa mwaka mmoja, halafu tukalima ukingo. Ukingo tu, tulisema, matete yabaki. Mahindi yakaota vizuri, yakafika magotini, yakageuka manjano kuanzia majani ya chini. Bwana shamba akaja na pikipiki yake, akayashika akasema yanakosa naitrojeni, wekeni samadi. Samadi ilikuwepo. Unajua ng'ombe wetu wanavyolala ndani, na kila asubuhi ni kuzoa. Nikajitwisha tenga mgongoni, miaka mitatu, kutoka zizini mpaka kule chini, nikiwa na mimba yako na baada ya wewe kuzaliwa, wewe kifuani na samadi mgongoni. Mahindi yakabaki manjano. Tukaweka na mbolea ya dukani, yakawa kijani wiki mbili, yakarudi manjano. Nilikuwa nasimama pale shambani nalia kwa hasira. Nilikuwa nalilisha bonde, na bonde lilikuwa halishibi.

Nikaamua kwamba mwizi ni maji. Na kwa hilo, kama ulivyonieleza mwenyewe, nilikaribia ukweli. Kukaribia huko ndiko kulikoniponza.

Nilimwambia baba yako tukaushe bonde. Akakataa. Nikamwambia tena, akakataa, msimu mzima. Unamjua baba yako, hagombani, anaondoka tu anakwenda kuangalia ng'ombe. Sasa siku moja ndugu zake walikuwa hapa wanakunywa, mimi nagawa pombe, mmoja akauliza kwa utani kwa nini mahindi yetu yamevaa njano. Nikajibu mimi, mbele yao wote, "Mume wangu analima kwa ruhusa ya kaburi."

Walicheka. Baba yako akaweka kata yake chini polepole, akatoka. Wiki ya pili yake aliita watu wa kazi, na mimi nikapika pombe ya mtama, mapipa mawili. Walichimba siku tatu, wakiimba, kuanzia katikati ya matete mpaka kule chini karibu na kisima. Siku ya nne maji yalikuwa yanakimbia mferejini na watoto wanakamata vyura. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ulirudi nyumbani na chura mmoja mkononi, ukakataa kumwacha mpaka akafa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi ni zima. Ndilo ninaloshindwa kulisamehe.

Maana mwanzoni ilikuwa baraka, Fausta. Lazima nikwambie na hilo, ama sivyo utadhani tulikuwa wajinga tu. Tulipanda saumu kwenye ule udongo mweusi, bila samadi hata tenga moja, na zikatoka vichwa vikubwa kama ngumi. Msimu wa pili hivyo hivyo. Majirani wakaja kuangalia, wakachimba mifereji yao juu yetu na pembeni yetu, kila mmoja akiuelekeza kwenye ule wa kwetu. Tukaezeka bati. Wewe ukaenda shule na viatu. Wakanichagua mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, kwa kuwa mimi ni mwanamke mwenye akili, walisema, mwanamke aliyeona mbali. Nilikuwa natembea nimejaa. Nilipopita kaburi la babu yako nilikuwa sigeuzi hata shingo.

Halafu akazaliwa Damiano.

Wewe ulikuwa na miaka sita, unamkumbuka kidogo, umeniambia unakumbuka kofia yake. Alizaliwa mkubwa, mwenye hasira kama mimi. Wiki ya pili nikapata jipu la ziwa, na likapona hili likaja lile, homa juu ya homa, maziwa yakakatika. Tukamnunulia maziwa ya kopo. Kliniki wakanieleza vizuri kabisa: chemsha maji, chemsha na chupa. Walinieleza kwa wema na walinieleza wanachokijua.

Nilichemsha. Hapa Maretadu hapajatokea mtu aliyechemsha maji kama mimi. Wengine walikuwa wakiona mapovu wanaepua. Mimi niliacha sufuria mpaka maji yanafika nusu, nikiamini kwamba kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyotakata. Nilikuwa nawacheka wenzangu wavivu. Kuni nilizozimaliza kwa ajili ya yule mtoto, Mungu anazijua.

Alipofika mwezi wa pili nikaona midomo yake ina rangi nisiyoielewa, kama mtoto aliyenyonya kalamu ikamvujia wino. Nikasema ni baridi, nikamwongeza blanketi. Siku ya tatu kucha nazo. Siku ya nne akawa hataki chupa, anapumua haraka haraka, na hana homa. Tukampeleka hospitali kwa pikipiki, mimi katikati, baba yako nyuma ananishika.

Nesi alimtoboa kisigino achukue damu. Damu ile ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi. Nesi akaiangalia, akaniangalia mimi, akamwita daktari. Alikuja kijana mmoja, mpole, akakaa kitandani karibu nami kabisa akauliza, "Mama, nyumbani mnatumia maji gani?"

Hapo, Fausta, nataka usome polepole.

Bomba la kijiji lilikuwa kavu mwezi wa nane ule. Sote tulikuwa tumerudi kisimani. Na mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya maji. Kabla yetu, kwenye foleni, kulikuwa na mama mwingine aliyeulizwa hivyo hivyo, akajibu kwamba anachota kisimani, na wenzake kwenye benchi wakamwangalia kama mtu aliyetoka porini. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri. Nikasema, "Ya bomba, dakta. Na nachemsha."

"Yanatoka kila siku?"

"Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na karatasi, alikuwa ameandika kitu, akakikata kwa mstari. Niliuona ule mstari. Damiano alikufa asubuhi, na tukaambiwa labda ni moyo, labda ni mapafu, na wewe tukakwambia ni mapafu.

Mila za hapa unazijua zilivyolegea siku hizi, mapadre wamezisema sana. Lakini bibi yako wakati ule hakutaka kusikia. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga anakaa kando, haendi kwa majirani, na kisimani hakanyagi, asije akaleta mkosi kwenye maji ya watu. Nilikaa miezi. Maji ulikuwa unaniletea wewe, kwa kile kidumu chako cha lita tatu, unamwaga nusu njiani. Nilikuwa nakaa hapahapa kibarazani, naangalia wanawake wakiinama kuchota, na nilikubali kutengwa kwangu, niliona ni haki. Waliogopa nitakichafua kisima chao. Hakuna aliyejua, wala mimi sikujua, kwamba nilikuwa nimekwisha kukichafua kwa pombe ya mtama mapipa mawili.

Sasa ule mchana wa maharage. Wewe umeshausahau, kwako ilikuwa mazungumzo tu. Tulikuwa tunapukuchua hapa, na ulikuwa umeweka vikopo vyako viwili dirishani, kimoja udongo umezama majini, kimoja umelowa kidogo tu. Ulikuwa na furaha mpaka unasahau kupukuchua. Ulisema kwenye udongo uliozama hewa haiingii, na humo wapo bakteria ambao wakikosa hewa wanavuta naitreti badala yake, kama sisi tunavyovuta pumzi.

"Wakishaivuta inatoka gesi, mama. Inapanda juu, imekwenda."

"Na samadi yangu ya miaka mitatu?"

Ulicheka. "Samadi yako ilipanda mbinguni. Juu juu pale, kwenye mizizi ya matete, wapo bakteria wa hewa, hao wanaigeuza samadi kuwa naitreti. Ikishuka kidogo tu chini inawakuta wale wengine, wanaimaliza. Wewe ulikuwa unawapikia."

Nami nikacheka. Nilifurahi, hata. Miaka yote hiyo nilidhani nilirogwa. Nikauliza, kama mtu anayetaka tu mazungumzo yaendelee, "Na tulipokausha?"

"Mlipokausha hewa iliingia. Wale walaji wakakosa mahali pao, wapishi wakabaki peke yao na chakula chote kilichokuwa kwenye udongo mweusi tangu zamani. Ndiyo maana saumu zilinona. Mliuchoma udongo bila moto."

"Na isiyoliwa na saumu?"

"Inaondoka na maji. Naitreti haishikwi na udongo, mama, inafuata maji popote. Mferejini, kisimani."

"Ina ubaya?"

"Mtu mzima haimsumbui sana. Mtoto mchanga wa chupa ndiyo hatari. Damu yake inashindwa kubeba hewa, anabadilika rangi. Ila ipo dawa ya mshipani, kama daktari akijua chanzo."

Nilikuwa na ganda la haragwe mkononi. Nakumbuka lilikuwa na punje nne. Nikakuuliza, "Ukichemsha?"

"Ukichemsha unazidisha. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Ulisema hivyo ukiwa unaangalia kikopo chako kwa mwanga. Mimi nikaendelea kupukuchua. Tulimaliza gunia zima siku ile, na usiku ulishangaa mbona sili.

Sikulaumu, mwanangu. Hukujua ulikuwa unamwambia nani. Nakusifu hata, maana ulieleza vizuri, na mimi wa darasa la saba nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Ningependa ungekuwa mwalimu mbaya.

Juma lililopita ukachukua chupa mbili. Moja ukaweka udongo wa shambani, moja ukajaza maji ya kisima, ukaandika kwa kalamu, ukasema utaomba wakuonyeshe namna ya kupima huko chuoni. Ukaziweka begini kati ya nguo. Siku ya pili yake, ulipokwenda kanisani, mimi nilifungua begi, nikamwaga maji yako, nikajaza ya tangi, ya mvua, masafi. Nikafunga kama ulivyofunga wewe.

Sikuogopa utanilaumu. Ukinilaumu ningepumzika. Niliogopa namba. Mpaka leo nalala kwa sababu ya neno labda: labda moyo, labda mapafu, labda daktari naye asingeweza. Namba ikija haina labda. Nikasema msichana atapima maji ya mvua, atakuta ni mazuri, ataniandikia, mama, kisima chetu ni salama, nami nitaisoma barua hiyo na pengine nitaiamini.

Kilichonibadilisha ni Paskalina, jirani yetu. Umeliona tumbo lake, mwezi ujao au unaofuata atajifungua. Juzi asubuhi nilimkuta kisimani, akanisalimia, "Shikamoo, mama Fausta," nikamwitikia, na nikasema nijaribu. Nikamwambia, mtoto akizaliwa mnyonyeshe, usimpe maji haya, hata ya kuchemsha, hata ya kuchanganyia chochote.

"Mbona?"

"Yana kitu cha mifereji. Cha mashambani."

Akacheka, si kwa dharau, unamjua. "Lakini mama Fausta, si ndiyo maji aliyokunywa Fausta wako? Na amefika chuo."

Jibu lilikuwa jina moja tu. Ningesema Damiano, angeelewa, wanawake wote wa hapa wangeelewa kufika jioni. Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka. Njiani nilikuwa nayasikia maji yananimwagikia mgongoni na sikujali. Nilipofika nyumbani nikamwambia baba yako yote: daktari, bomba, ule mstari, chupa yako.

Alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Aliendelea mpaka ukakaa sawa. Halafu akasema, "Kwa yale maneno ya kaburi nilikuchukia miaka minne. Nikamaliza. Sasa sijui kama nina nguvu za kuanza tena." Tangu hapo hajanisemesha isipokuwa kuomba chumvi. Na leo amechukua koleo.

Namwona sasa ameinama. Amefukia kama hatua kumi, na mfereji unakwenda mpaka matete yalikokuwa. Nikiwa na moyo wa matumaini ningekwambia anaanza kuliponya bonde. Kesho au kesho kutwa maji yatapanda kwenye saumu za walio juu yetu, watakuja na majembe, watafungua, na watakuwa na haki yao, watoto wao wanakula kwenye saumu hizo. Nilizowafundisha mimi.

Hata wasipofungua. Unaukumbuka ule mti wa mpaka, tulioupigilia wakati wa kuchimba? Tuliupigilia ukazama mpaka ukagota udongo mgumu wa chini, ukabaki unafika kiunoni mwangu. Leo unanipita kichwa, na haujaota hata jani, ni mti mkavu. Ardhi ndiyo imeshuka. Ule udongo mweusi ndimo walimokuwa wanaishi wale walaji wako, nao umekwisha, umekwenda na upepo na saumu. Ukirudisha maji leo utapata tope, hutapata bonde. Hilo nalo ulinieleza mwenyewe, ulisema linachukua muda mrefu kuliko uhai wa mtu, na ukasema kwa uso mkunjufu, kwa sababu una miaka ishirini.

Kwa hiyo ulipomwambia padre kwamba unakwenda kusoma udongo ili urudi kuliponya bonde la nyumbani, na watu wakapiga makofi, mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikitamani nisimame nikwambie usirudi kwa ajili yake. Kuja kutuona, njoo. Kutuzika, njoo. Kwa bonde, hapana. Nimeshapoteza mtoto mmoja kwenye mfereji ule, sitaki na wa pili autolee maisha yake ndani ya tope. Kuna mabonde mengine mahali ambako jembe halijafika. Kama kuna mzee pale asiye na maelezo, kaa naye.

Na sasa begi. Leo ulipoondoka niliitoa ile chupa, nikamwaga maji ya mvua kwenye mboga, nikashuka kisimani mwenyewe. Paskalina alikuwepo, akanisogezea kata. Nikaisuuza chupa mara tatu, kama nilivyokuona ukifanya, nikaijaza mpaka juu nikaifunga. Nimeandika upya kwa mkono wangu, utaona herufi zimepinda: kisima, Maretadu, chini ya mfereji wetu. Iko palepale, kati ya sweta na taulo. Barua hii iko chini yake.

Kapime. Namba utakayoipata, niandikie, hata kama ni usiku, hata kama unaona nitaumia. Ukipata karatasi yenye muhuri nitaipeleka mkutano wa kijiji na nitasimama nayo, na nitalisema lile jina. Sidhani kama itasaidia. Wataniuliza sasa tunywe nini, na bomba ni kavu. Pengine watachagua kamati nyingine. Paskalina nitampelekea maji ya tangi mpaka tangi liishe. Ni tangi dogo na mvua zimekwisha. Namwombea awe na maziwa.

Baba yako ameacha kufukia, amekaa ukingoni. Nitampelekea chai. Hatainywa, lakini nitampelekea.

Sina la kukuombea zaidi ya hili. Huko uendako watakuuliza, yule wa maabara, kalamu mkononi, kama yule kijana alivyoniuliza mimi. Atataka kujua maji haya yametoka wapi. Utakuwa umevaa vizuri na wenzako watakuwa wanakuangalia.

Sema kisimani.

Mama yako